Barabara Iliyozaa Kisanduku cha Siri

Mtu akikishika kwa mara ya kwanza kisanduku cha siri cha Kijapani, kisicho na kitasa, bawaba wala tundu la ufunguo, huwa mwepesi kuamini kwamba kilibuniwa kufichia barua za wapelelezi au dhahabu za mabwana. Mahali kilipozaliwa napo panaitia nguvu dhana hiyo. Katika milima ya Hakone, kusini-magharibi mwa Tokyo, serikali ya Tokugawa iliweka mwaka 1619 kituo cha ukaguzi kwenye Tōkaidō, barabara kuu iliyounganisha Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto. Walinzi wake walikuwa wakali hasa kwa wanawake waliokuwa wakitoka Edo, maana wake za mabwana wa majimbo waliwekwa mjini humo kama dhamana ya utii wa waume zao. Palipo na upekuzi wa namna hiyo, mtu atasema, hapakosi fundi wa kuficha. Hadithi hiyo inavutia, lakini ushahidi hauiungi mkono. Kisanduku cha Hakone ni mtoto wa biashara ya barabarani. Kilitengenezwa ili mgeni apitaye akinunue, na ubora wake umetokana na asili hiyo hiyo ambayo wengi huiona duni.

Tuanze na miaka. Kituo cha Hakone kilifungwa mwaka 1869, mara tu baada ya utawala wa Tokugawa kuanguka, ilhali kisanduku tunachokijua leo, chenye kuta zinazoteleza moja baada ya nyingine, kilikomaa katika enzi ya Meiji iliyofuata, wakati hapakuwa tena na wa kumpekua msafiri. Na hata kama kingekuwapo mapema, kingemchelewesha mlinzi kwa muda gani? Ni mbao nyepesi. Pigo moja la nyundo lingetosha. Kilichotangulia ni kijiji cha Hatajuku, kwenye mpando wa kutoka Odawara, ambako wapandaji walipumzika, wakanywa chai na kununua vyombo vya mbao. Tangu mwaka 1635 mabwana wa majimbo walilazimishwa kukaa Edo kwa zamu, hivyo misafara yao ilikuwa haikatiki njiani. Misitu ya Hakone nayo ina miti ya aina nyingi, kila mmoja na rangi yake, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 fundi wa Hatajuku, Ishikawa Nihei (1790–1850), alianzisha ufundi wa kuunganisha vipande vya mbao hizo kuwa nakshi, ufundi unaoitwa yosegi. Bandari ya Yokohama ilipofunguliwa kwa wageni mwaka 1859, na Hoteli ya Fujiya ilipoanza kupokea watu huko Miyanoshita mwaka 1878, mafundi walipata mnunuzi wa aina mpya: mtu wa mbali aliyetaka kitu chepesi, kisichovunjika upesi, cha kuwashangaza wenzake nyumbani. Kisanduku cha siri kinamfaa mtu huyo kuliko kinavyomfaa jasusi yeyote.

Katika karakana kuna kazi mbili, ambazo mara nyingi hufanywa na watu wawili. Ya kwanza ni nakshi. Hapapakwi rangi: weupe hutoka kwenye mti wa mizuki, manjano kwenye haze, na weusi kwenye mbao za katsura zilizofukiwa ardhini kwa karne nyingi. Fundi hukata fito nyembamba, akazitia gundi, akazifunga pamoja kwa kamba mpaka zikashikana, akazikata na kuziunga tena hadi akapata gogo ambalo uso wake ni majani ya katani, magamba ya kobe au mawimbi. Kisha huliparua gogo hilo kwa randa kubwa. Katika karakana nyingine maranda hufagiliwa nje. Hapa maranda ndiyo mali. Hutoka yamejikunja, yakanyooshwa kwa pasi, ndipo yakabandikwa juu ya kisanduku kama ngozi. Kazi ya pili ni tumbo la kisanduku: ndimi na mifereji iliyofichwa ndani ya kuta. Ukuta wa kichwani ukisogea milimita mbili tatu, huufungulia njia ukuta wa ubavuni. Huo nao ukisogea, wa kwanza hupata nafasi ya kwenda mbele zaidi, hadi kifuniko kikubali kuteleza. Viko visanduku vya hatua 4, vya 10, vya 21, na vingine hufika 72. Mistari ya nakshi huumeza ufa ambao ungemwonyesha mtu pa kusukuma, na ndiyo sababu kazi hizi mbili haziachani. Adui wa zote mbili ni unyevu. Mbao hutanuka msimu wa mvua na kusinyaa wakati wa baridi kavu, hivyo ukuta uliobana mno utakwama, na uliolegea mno utacheza na kuitoa siri.

Hapo ndipo napingana na wanaosema kwamba kazi ya kuwauzia watalii huharibu ufundi. Kazi ya haraka ipo, siikatai. Lakini kisanduku hiki kina hakimu asiyehongeka, nacho ni mkono wa mnunuzi. Mtungi mbaya unaweza kukaa rafuni miaka mingi bila kufichuka. Kisanduku kibaya hufichuka siku ile ile kinapokwama. Mgeni hukipeleka kwenye nchi yenye hewa tofauti, na hawezi kurudi kulalamika. Kwa hiyo fundi anayejali jina lake huchagua mbao iliyokaushwa vya kutosha kwa ajili ya hewa asiyoijua.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wapenda jadi, wanaoona kwamba mitambo mipya ya ndani imeiacha jadi ya Hakone. Sheria ya Japani ya mwaka 1974 kuhusu sanaa za mikono inataka bidhaa iwe ya matumizi ya kila siku, itengenezwe zaidi kwa mkono, na kwa ufundi uliodumu takriban miaka 100. Yosegi ya Hakone ilikubaliwa mwaka 1984. Lakini kilichoandikishwa ni nakshi. Mtambo wa ndani hautajwi kwa jina hilo. Sheria ililinda ngozi ikaliacha tumbo, na kwa maoni yangu tumbo lilifaidika kwa kuachwa huru. Mwaka 1999 fundi Akio Kamei na wenzake walianzisha kikundi cha Karakuri Creation Group, na visanduku vyao hufunguka kwa kuinamishwa, kuzungushwa kama pia, au kufuata nambari za dadu. Je, hiyo bado ni Hakone? Nasema ndiyo, kwa sababu Hatajuku haikuwahi kuwa na jadi isiyobadilishwa na mteja. Barabara yenyewe ingali inaleta kazi: mbio za kupokezana za wanavyuo, ambazo Wakenya Joseph Otwori na Kennedy Isena walizikimbia mwaka 1989 wakiwa Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin, hupanda mlima huo kila tarehe 2 Januari, na tangu 1997 timu inayoshinda siku hiyo hupewa kombe la yosegi. Wateja walio wanachama wa klabu ya Karakuri nao hulipa mapema na kupokea kisanduku mwishoni mwa mwaka bila kujua kitakuwa cha namna gani. Malipo hayo humpa fundi nafasi ya kujaribu mtambo ambao hakuna mteja angeweza kuuagiza.