Kola ya mbwa na shingo zetu

Tangu nichukue mtoto wa mbwa, mashangazi wa hapa Aston wana swali moja tu: analala ndani? Hilo tuliachie kipindi kijacho. Langu mimi ni la kola, maana sheria ya mwaka 1992 inataka mbwa akitolewa nje avae kola yenye jina na anwani ya mwenyewe. Dukani nikaonyeshwa mnyororo wa kukaba, ule unaojibana mbwa akivuta. Eti ndio wa mafunzo.

Fikra hiyo ni ya zamani. Konrad Most, Mjerumani aliyefundisha mbwa wa polisi, alitoa kitabu mwaka 1910, na njia yake ilikuwa kushurutisha. Mwaka 1980 Barbara Woodhouse akaonekana BBC akifundisha kwa mnyororo huo, ukaingia nyumba nyingi za Uingereza.

Lakini kola haikuwa ya mbwa peke yake. Mwaka 1756 sonara wa Westminster, Matthew Dyer, alitangaza gazetini kwamba anatengeneza kufuli za fedha za watu weusi au mbwa. Hebu sikiliza hiyo "au". Michoro ya matajiri wa enzi hizo inaonyesha watoto weusi wamevishwa kola za fedha, na nyingine ziliandikwa jina la bwana, ili akitoroka arudishwe.

Kwetu pwani ulikuwa mnyororo wa chuma. Nenda Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa hadi 1873. Utakuta sanamu alizochonga Clara Sörnäs mwaka 1998: watu watano wamesimama shimoni, na mnyororo ulio shingoni mwao ni wa kweli, wa wakati ule.

Sifananishi mtu na mbwa. Aliyefananisha ni mwenye tangazo. Ninachosema ni kwamba kitu cha shingoni kina kazi mbili, kutambulisha na kukaba, na unaweza kuchukua moja ukaacha nyingine. Wales walishapiga marufuku kola za umeme mwaka 2010.

Basi mimi nimechukua kola bapa ya kawaida. Vidole viwili vipite kati yake na shingo. Visipopita, imebana, ikivuka masikio kirahisi, imelegea. Mtoto wa mbwa hukua haraka, kwa hiyo pima kila wiki. Tukiwa Aston Park akivuta kamba, nasimama. Kamba ikilegea, tunaendelea, na anapata kipande cha kuku. Anajifunza polepole, ila anajifunza, na shingo yake haijaguswa.