Benako na Kwizera: Mradi ni Kusudi la Nani?

Neno mradi tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kusudi. Maana hiyo ingali hai tusemapo "mradi afike salama". Katika lugha ya maendeleo, hata hivyo, neno hili limekuwa jina la kazi yenye bajeti na muda maalumu, na swali la asili limefifia: kusudi ni la nani? Majina mawili ya Ngara yanaturejesha kwenye swali hilo.

Benako ni jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, wakapewa hifadhi hapo Benako. Barabara iliyokusudiwa malori ya biashara, ipitayo Biharamulo, ndiyo iliyowafikishia chakula. Hakuna kijiji ambacho kingeweza kuijenga. Hiyo ndiyo faida ya mradi mkubwa. Misaada nayo ilileta ajira na soko la mazao, lakini miti ilikwisha kwa kuni, na maskini waliumizwa na bei. Kufa kufaana, ila si kwa wote. Desemba 1996 wakimbizi hao waliporejeshwa kwao, ajira nyingi ziliondoka pia. Huko Biharamulo, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ulioanza uzalishaji mwaka 2005, ulikabidhiwa shirika la umma mwaka 2013 baada ya mwekezaji kuondoka.

Jina la pili ni Kwizera, redio iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Kwa Kirundi na Kinyarwanda, jina hilo hubeba maana ya tumaini. Mhangaza naye hulielewa bila mkalimani. Kambi zilifungwa, redio ikabaki kwa wenyeji.

Hata hivyo, redio haiwashi taa. Umeme wa Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ulihitaji mataifa matatu. Basi tusiupime mradi kwa ukubwa wake pekee. Tuulize pia ni nani atakayebaki nao mwenye fedha akishaondoka, na kama kusudi lake linatamkika katika lugha ya wanaoishi hapo.