Wakimbizi Wazungu wa Kidugala

Tunapolitaja neno mkimbizi, picha inayotujia haraka ni ya Mwafrika mwenzetu anayevuka mpaka kutoka Burundi au Kongo. Ni vyema ikumbukwe kwamba katika nyanda za juu za Njombe, si mbali na Makambako, waliwahi kuishi kambini wakimbizi Wazungu.

Mahali penyewe ni Kidugala, kituo kilichofunguliwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin mwishoni mwa karne ya 19. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza iliwaweka hapo raia wa Poland.

Safari yao ilikuwa ndefu. Septemba 1939 nchi yao ilivamiwa na Ujerumani upande wa magharibi na Umoja wa Kisovieti upande wa mashariki. Katika miaka ya 1940 na 1941 familia nyingi zilipakiwa katika mabehewa na kupelekwa Siberia na Kazakhstan kufanya kazi za sulubu. Ujerumani ilipomgeukia Stalin mwaka 1941, waliachiliwa, na mwaka uliofuata maelfu wakavuka kuingia Iran. Wanaume wengi walijiunga na jeshi. Wanawake, watoto na wazee wakaletwa Afrika. Kambi kubwa ya Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kondoa, Morogoro na Kidugala.

Hivyo kambi ikawa makazi ya akina mama. Watoto walisomeshwa kwa Kipolandi, na imani ikapanga kalenda ya mwaka. Katika desturi yao, mlo wa mkesha wa Noeli hauna nyama. Jamaa humegeana mkate mwembamba usio na chachu, na nafasi moja mezani huachwa wazi kwa mgeni asiyetarajiwa. Tafakari, msomaji, mkesha huo katika Desemba ya Njombe, msimu wa mvua na wa mahindi machanga, kwa mama ambaye mumewe yuko vitani na mwanawe amezikwa njiani. Nafasi ile ilikuwa na mwenyewe.

Tusiipambe historia. Mbena aliyelipa kodi hakuombwa ridhaa ya kuwapokea wageni hawa. Utawala wa kikoloni ulimweka mkimbizi asiye na nchi juu ya mwenyeji aliye katika ardhi yake. Hata hivyo rangi haikumpa mkimbizi makazi ya kudumu. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mashariki ya Poland ilibaki mikononi mwa Wasovieti, na Waingereza hawakutaka wakimbizi wabaki Tanganyika. Wengi walitawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Waliofia huku wana makaburi yao Tengeru na Kidugala.

Tanzania huru ilikuja kutenda tofauti: iliwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 wa wimbi la mwaka 1972. Mtumishi wa umma anayeshughulikia jalada la mkimbizi leo anapaswa kuzijua historia hizi mbili pamoja.

Nanyi wanafunzi wa Njombe na Makambako, wazee waliowaona Wapolandi wakiwa watoto sasa wamepita miaka 80. Waulizeni walichokiona, na muandike majibu yao mapema.