Dawa Iliyotoka Zizini

Fungueni madaftari. Andikeni maneno haya: BONGE LA DAMU.

Damu ya kidonda huganda. Hiyo ni neema, maana bila kuganda ingetuishia. Lakini mtu aliyepasuliwa paja au goti aweza kulala siku nyingi bila kutembea. Damu ya mguuni hupita polepole, nayo yaweza kuganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likibanduka huenda mpaka mapafuni. Hapo mgonjwa aweza kufa ghafula, ijapokuwa mfupa umeungwa vizuri.

Dawa ya kuzuia jambo hili ilitoka zizini. Ninyi mnaoijua thamani ya ng'ombe, sikilizeni. Katika miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini ya Marekani, ng'ombe walitokwa damu mpaka wakafa. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kuwa walilishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja alimpelekea Karl Paul Link, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ng'ombe aliyekufa pamoja na debe la damu isiyoganda. Link na wenzake walitafuta miaka sita, wakaipata sumu ile mwaka 1939. Baadaye wakatengeneza nyingine ya jamii hiyo, warfarini. Mwaka 1948 iliuzwa kuwa sumu ya panya. Mwaka 1954 iliruhusiwa kutibu watu.

Mwaka 1959 madaktari Sevitt na Gallagher wa Birmingham, Uingereza, walitangaza jaribio lao. Wagonjwa 300 waliovunjika nyonga waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa vidonge vya fenindioni, dawa ya kazi hiyo hiyo. Fungu hilo lilipatwa na mabonge kwa uchache sana kuliko lile jingine. Tangu mwaka 2008 viko pia vidonge vipya, kama rivaroxabani.

Basi shikeni neno hili: sumu na dawa hutengwa na kipimo. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, damu hutoka. Mgonjwa wenu akirudi nyumbani na vidonge hivi, asiviache kabla ya siku aliyoambiwa, wala asichanganye na dawa nyingine, hata ya mitishamba, bila kumwuliza daktari. Mguu ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana, au damu ikitoka bila kukoma, mpelekeni hospitali siku ile ile.

Maswali
1. Kwa nini damu huganda mguuni mwa mtu aliyelala muda mrefu?
2. Ng'ombe wale walikula nini?
3. Je, mgonjwa akijiona amepona, aweza kuacha vidonge?