Kula Vibichi Vitupu: Historia Yake na Funzo Kwa Familia Zetu



Ndugu zetu wasomaji, wazazi kadhaa wametuuliza kuhusu mlo unaosifiwa sana siku hizi. Ni kula mimea tu, tena mibichi: hakuna nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali, na hakuna chungu kuwekwa motoni. Wanaousifu wanasema unasafisha mwili na kuondoa maradhi. Wapo hata wanaomwambia mgonjwa wa kisukari kwamba akila hivyo anaweza kuacha dawa. Kabla ya kujibu ndiyo au hapana, tuangalie kwanza mlo huu umetoka wapi na umewafikisha wapi waliotutangulia.

Kuacha nyama si jambo jipya

Katika historia ya Kiislamu yupo mshairi mashuhuri Abul-Alaa al-Ma'arri wa Maarrat al-Nu'man, Shamu, aliyezaliwa mwaka 363 Hijria (973) na kufariki 449 Hijria (1057). Alipofuka utotoni kwa ndui. Aliporudi kutoka Baghdad, akiwa na umri wa miaka 37 hivi, aliacha nyama, maziwa, mayai na asali mpaka kufa kwake. Sababu yake kubwa ilikuwa huruma kwa wanyama, wala hakudai kwamba ni tiba. Mwanachuoni wa dola ya Fatimiyya huko Misri, al-Mu'ayyad fid-Din al-Shirazi, alimwandikia barua kumhoji: vipi mtu ajizuie na alichohalalisha Mwenyezi Mungu? Katika majibu yake al-Ma'arri alitaja pia uchache wa kipato chake. Wanavyuoni wametofautiana sana kuhusu itikadi yake, na hapa si mahali pake. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba mjadala huu una karibu miaka elfu moja.

Daktari wa Zürich

Ama kula vibichi kwa ajili ya afya, aliyevuma zaidi ni daktari wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner (1867–1939). Zama zake watu wenye uwezo walikula nyama kwa wingi, na mboga zilionekana ni chakula dhaifu. Yeye aliamini kwamba mimea imebeba nguvu ya jua, na kwamba moto unaiharibu nguvu hiyo. Madaktari wenzake walimpinga vikali. Mwaka 1904 alifungua nyumba ya matibabu juu ya kilima mjini Zürich. Wagonjwa waliamka mapema, wakatembea, wakafanya kazi bustanini, wakala matunda na mboga mbichi. Chakula chake cha tufaha lililokunwa, oti zilizolowekwa, limau na njugu ndicho chanzo cha kile kinachouzwa madukani leo kwa jina la "muesli". Tuzingatie: ndani yake alitia maziwa mazito ya kopo. Hata yeye hakuyaacha maziwa.

Je, alipatia? Kwa sehemu, ndiyo. Tangu mwaka 1747 daktari wa meli kutoka Uskoti, James Lind, alikuwa ameshaonyesha kwamba mabaharia wenye kiseyeye wanapona wakipewa machungwa na malimau. Mwaka 1912 Casimir Funk akaleta jina la vitamini, na katika miaka ya 1930 ikajulikana kuwa kinachotibu kiseyeye ni vitamini C, ambayo kweli hupungua kwa kupikwa sana. Basi daktari yule aliona faida ya matunda na mboga, lakini sababu aliyoitoa haikuwa sahihi. Na wala si kila kitu huharibiwa na moto. Karoti ikipikwa, mwili hupata kwa urahisi zaidi kile kinachogeuzwa kuwa vitamini A.

Kilichokosekana

Mwaka 1926 madaktari wawili wa Marekani, George Minot na William Murphy, walitangaza kwamba aina ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua watu inatulizwa kwa kula ini kwa wingi kila siku. Walipata tuzo ya Nobel mwaka 1934 pamoja na George Whipple. Mwaka 1948 kilichomo ndani ya ini kikapatikana: vitamini B12. Hii hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mboga na matunda havina ya kutegemewa. Anayeikosa kwa muda mrefu hupungukiwa na damu na hudhurika mishipa ya fahamu, na mtoto mchanga anayenyonyeshwa na mama asiye nayo huathirika zaidi.

Chama cha kwanza cha wasiokula chochote cha mnyama kilianzishwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Chama hicho chenyewe leo kinawaambia wafuasi wake watumie vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Hilo ni jambo la insafu.

Watafiti wa Giessen, Ujerumani, waliwachunguza watu zaidi ya 500 wanaokula vibichi. Mwaka 1999 walieleza kwamba wengi walikuwa wamepungua uzito sana, na kiasi cha asilimia 30 ya wanawake wa chini ya miaka 45 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au kukatika. Mwaka 2005 walieleza kuwa kolesteroli mbaya ya walaji hao ilikuwa chini, na hiyo ni faida, lakini asilimia 38 walikuwa na upungufu wa B12.

Madai yanapovuka mpaka

Mjini Boston, Marekani, Ann Wigmore (1909–1994) aliueneza mlo huu kwa maji ya majani machanga ya ngano na mbegu zilizochipuzwa. Mwaka 1982 mwanasheria mkuu wa jimbo la Massachusetts alimshitaki kwa kudai kwamba mpango wake unapunguza au kuondoa haja ya insulini. Mwaka 1988 alishitakiwa tena, safari hii kwa madai ya kutibu UKIMWI. Hapa ndipo penye hatari. Saladi haijamdhuru mtu, lakini mgonjwa anayehitaji insulini akiiacha anaweza kufariki ndani ya siku chache.

Na sisi tunaokula muhogo tuna sababu ya ziada ya kutodharau chungu. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa konzo katika eneo la Kwango, Kongo, unaopoozesha miguu ya watoto na wanawake. Baadaye ilijulikana kwamba unatokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, kwa sababu una sumu. Maharage mabichi nayo yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa. Bibi zetu waliloweka, wakaanika, wakapika. Ilikuwa elimu ile.

Tufanye nini?

Kwanza, tuongeze matunda, kachumbari na mboga katika sahani zetu, na tupunguze mafuta, sukari na soda. Hili ndilo jema lililothibiti katika historia hii yote.

Pili, anayetaka kuacha nyama na maziwa asisahau B12. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasiingizwe katika mlo wa vibichi vitupu.

Tatu, asiache mtu dawa bila daktari wake.

Nne, tusijiharamishie vizuri tulivyohalalishiwa, kama tulivyokatazwa katika Surat al-Maida, aya ya 87. Kutokula kitu kwa sababu ya afya ni ruhusa. Kumlaumu jirani anayekila ni jambo jingine.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema sisi na watoto wetu, na awaponye wagonjwa wetu. Aamin.

Wallaahu a'lam.