Jembe Lilitangulia, Hati Ikafuata

Mauaji yalipoikumba Burundi mwaka 1972, maelfu kwa maelfu ya Wahutu walikimbilia Tanzania, wengi wao mikono mitupu. Serikali haikutaka wabaki mpakani wakipanga foleni ya unga. Iliwahamishia ndani zaidi, kwenye mapori ya miombo ya Tabora na Mpanda. Ulyankulu ilianzishwa mwaka huohuo, Katumba ikafuata 1973, na Mishamo mwishoni mwa muongo huo, baada ya watu kuzidi maji na ardhi ya Ulyankulu.

Kazi ya kuligeuza pori kuwa makazi ilipewa Tanganyika Christian Refugee Service, ambalo wengi hulijua kwa kifupi, TCRS. Shirika hilo lilianzishwa 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani kuwahudumia wakimbizi wa Rwanda, na baadaye likawafikia Wamsumbiji waliokimbia vita vya kumng'oa Mreno. Utaratibu ulikuwa wa pande tatu: serikali ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) likatafuta fedha, na TCRS ikafanya kazi yenyewe, ikiongezewa nguvu na sadaka za makanisa ya ng'ambo.

Msaada huo ulipangwa uwe na mwisho. Familia ilipewa shamba, jembe, panga, shoka na mbegu, pamoja na chakula cha kuisogeza hadi mavuno. Ghala la nyumbani lilipoanza kujaa, mgawo ulipunguzwa, kisha ukakatwa. Wakati huo shirika lilikuwa likipasua barabara, likichimba visima, likijenga shule na zahanati. Mishamo ilipimwa vijiji 16, na kila kaya ikapata kama hekta tano kandokando ya barabara. Watu walifyeka miti, wakapambana na mbung'o na wanyama waharibifu, wakapanda mahindi, maharage na mihogo ya chakula, na tumbaku ya kuuza.

Katika miaka michache makazi yaliyokuwa yakilishwa yakawa yanauza chakula nje. Mwaka 1985 Mishamo ilikabidhiwa serikali, na wafadhili wakafunga mafaili. Miaka miwili kabla ya hapo, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ametunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi.

Hata hivyo, mkulima wa Katumba aliyelipa ushuru wa mazao aliendelea kuhitaji kibali ili atoke nje ya makazi. Watoto waliozaliwa pale, wakasoma kwa Kiswahili na mtaala wa Tanzania, walirithi ukimbizi wa nchi ambayo hawakuwahi kuiona. Sadaka ilikuwa imewapa uwezo wa kujilisha. Haki ya kuwa wenyeji ilikuwa mikononi mwa dola.

Dola ilifungua mlango huo mwaka 2007, wakati makazi hayo matatu yakiwa na watu wapatao 218,000. Kila mmoja aliulizwa: kurudi Burundi au kuomba uraia? Takriban wanne kati ya watano walichagua kubaki. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa mwaka 2010, lakini vyeti vilikwama kwa miaka minne kwa sababu serikali ilitaka kwanza wahame, watawanyike mikoani. Sharti hilo lilipolegezwa, ugawaji ulianza Oktoba 2014, na wakaruhusiwa kubaki kwenye mashamba waliyoyafyeka wenyewe.

Wakimbizi wa miaka ya 1990 walikuta sera nyingine. Nyarugusu, kambi ya Kigoma iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, haikugawa hekta tano wala kuruhusu watu kutoka kwa hiari yao. Baadhi wamehamishiwa Marekani na kwingineko. Waliobaki hutegemea mgawo, na wafadhili wakipunguza fedha, sufuria hupungua siku hiyohiyo.  Kilichoondoka tangu enzi za Katumba ni ardhi, na ruhusa ya kuilima.