Tarehe ya Bagamoyo na Wapagazi Wake

Mtu atokaye Dar es Salaam akafuata pwani upande wa kaskazini, yapata kilomita 70, hufika Bagamoyo akiwa na shauku ya kuona majumba ya mawe, na majumba kweli yapo. Lakini mwenye kutaka kuijua tarehe ya mji huu tangu asili yake imempasa kwanza aende kusini kidogo hadi Kaole, ambako yangali yamesimama magofu ya misikiti miwili na makaburi yenye nguzo ndefu, yaliyojengwa na Waislamu wa pwani karne nyingi kabla ya dola ya Maskati kuweka askari wake hapa. Katika makumbusho madogo ya Kaole mna vigae vya vyombo vya Uchina, navyo vyatosha kumjulisha mgeni kwamba wenyeji hawa walikuwa wakila katika sahani za mbali zamani sana. Mashomvi, ambao ndio wenye mji, waliketi hapo kwa mapatano na majirani zao Wazaramo, hata biashara ilipohamia Bagamoyo na Kaole ikabaki na mikoko yake.

Kilichoikuza Bagamoyo ni pembe za ndovu, na pamoja nazo, kwa huzuni kubwa, watumwa. Mji umeelekeana na Unguja, na ufuko wake ni mpana, jahazi hupwelewa juu ya mchanga bila madhara. Kwa hiyo misafara ya Tabora na Ujiji ilikomea hapa, na kila mwaka Wanyamwezi walishuka kwa maelfu, wengi wao watu huru waliojiajiri kwa ujira wa nguo, kila mmoja akiwa na mzigo wa ratili 60 au 70 begani, nao wakarudi bara na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Misafara hiyo ilifikia katika karavanserai, yaani nyumba ya wasafiri na mizigo yao, na nyumba za namna hiyo zipo kwingine pia. Huko Bursa, katika nchi ya Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga mwaka 1491 jumba la kufikia wafanyabiashara wa hariri, na hata leo jumba hilo ni soko. Karavanserai ya Bagamoyo ni ya ukoo huo huo, ila haina fahari ya kisultani, na mimi naona kuwa hapo ndipo mahali penye haki ya kuzuriwa kabla ya Ngome Kongwe na kabla ya Boma la Wadachi la 1897.

Umati ule wa wapagazi ulihitaji kula, na biashara ya chakula imeishi zaidi kuliko biashara ya pembe. Karibu na nyumba ya zamani ya forodha, ngalawa zirudipo, samaki hunadiwa pale pale mchangani, changu, kibua, taa na pweza, mnadi akipaza sauti na wanunuzi wakiongeza bei kidogo kidogo, na nyuma yao mafuta yanachemka makaani tayari. Mgeni asiondoke kabla hajala wali wa nazi kwa mchuzi wa papa, kisha akanywa kahawa chungu kwa kashata barazani pamoja na wazee, kwani habari nyingi za mji zimehifadhiwa hapo.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, na nyumba ya masista wao sasa ni makumbusho. Karibu yake pana mnara wa kanisa la kale, ambamo mwili wa mvumbuzi Livingstone ulilazwa Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Wageni humtaja maiti. Haki ni kuwataja pia watumishi wake Chuma na Susi na wenzao, waliomchukua kutoka kijiji cha Chitambo, mwendo wa miezi mingi, na mzigo ule haukuwa na faida ya biashara.

Wadachi walikuja 1888, Abushiri bin Salim akawapinga, naye akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 wakahamishia serikali Dar es Salaam kwa ajili ya bandari yenye kina, na reli ya kati iliyoanzwa 1905 ikafika Kigoma 1914. Bega la mpagazi halikuwa na kazi tena.

Lakini bara haikutoka Bagamoyo. Sheikh Yahya bin Abdallah, aitwaye Ramiya, aliletwa kutoka Manyema akiwa mtumwa, akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiriya, na watu wa ukoo wa mabwana wakaketi mbele yake kutafuta elimu. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Muhammad akashika nafasi yake. Basi ewe msomaji, na hasa nyinyi walimu mnaowaleta wanafunzi kwa mabasi, msiishie kwenye majumba ya Wadachi. Ombeni idhini, vueni viatu, mwende mkamzuru Ramiya.